Jiwe Lililoitwa Kijiko

Ilikuwa mwaka wa mgao wa umeme. Hapana, nimekosea, mgao ulikuwa mwaka uliotangulia. Huu ni ule umeme uliporudi kwa kishindo ukaunguza friji za watu, ndiyo maana fundi friji hakuwa na nafasi hata ya kujikuna. Anashinda kainama nyuma ya mafriji, kiuno kinawaka moto, na jioni anajikokota hadi juu ya paa la zege, kwenye darubini aliyoiunga mwenyewe.

Mkewe alikuwa muuguzi, kimo kifupi, mwili mdogo, na fundi akimwita Kijiko. Yeye akimwita mumewe Bundi.

Kazi yenyewe inachosha. Unapiga picha ya kipande kimoja cha anga, unangoja, unapiga tena, halafu unazipishanisha kwenye kompyuta. Nyota zinatulia palepale. Kinachosogea ndicho unachokitafuta. Basi nukta moja ikasogea, na hakuna aliyewahi kuitaja. Ila jiwe lililoonwa usiku mmoja halihesabiki, sharti lionwe tena. Kesho yake fundi, akiwa hoi, akajiegesha kitandani na viatu vyake, kidogo tu, usingizi ukamchukua jumla.

Kijiko akarudi kutoka zamu, miguu imemvimba, akamtikisa.

"Bundi, amka. Jiwe lako linaondoka."

Likaonwa. Wenye kazi hiyo wakathibitisha kuwa ni asteroidi, moja ya mawe yanayozunguka jua kati ya Mirihi na Mshtarii. Lakini aliyeligundua haruhusiwi kulipatia jina mpaka njia yake ijulikane sawasawa, na hilo likala miaka. Kijiko akaugua, akatangulia.

Ruhusa ilipofika, fundi alitaka jambo moja tu, jina la mkewe likae kule juu. Akalipeleka jina lake halisi. Akajibiwa kwamba lina jiwe tayari, la mwanamke mwingine wa mbali, na mawe mawili hayachangii jina. Akazunguka nalo kichwani, kazini na nyumbani, hadi akachoka. Akapeleka Kijiko. Likapita.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, akamfuata karakana, akakaa juu ya friji bovu.

"Shemeji, majina yote haya, dada yangu umpe la kukorogea chai?"

Fundi akamwambia kwamba bila Kijiko kumwamsha, lisingekuwepo jiwe la kupewa jina.

"Hilo najua. Ila lile lilikuwa la chumbani kwenu. Sasa wanalisoma watu wasiomjua."

Fundi akaweka bisibisi chini. Hilo hakuwa amelifikiria, na jina likishapita halirudishwi. Akamuuliza taratibu, swali ambalo tangu hapo amewauliza wengi waliomjua marehemu:

"Wewe umekua naye. Hivi lile jina alikuwa analipenda, au alikuwa ananivumilia tu?"