Kwa Nini Bibi Hapikii Nje

Juzi, kwenye zahanati moja ya Muleba, mlango wa daktari ulikataa kufungika, nasi tuliokaa kwenye benchi tukasikia yote. Ndani alikuwamo bibi mmoja ambaye kikohozi hakijamwachia tangu masika.

"Unapikia nini, bibi?"

"Kuni. Ila siku hizi mvua haina mwezi, kuni hazikauki. Nawashia mifuko ya plastiki."

"Moshi huo ndio unaokuumiza kifua. Acha plastiki, na mafiga uyahamishie nje, penye hewa."

Kupitia upenyo nilimwona bibi akivutavuta ncha ya kanga yake.

"Nje siwezi, mwanangu. Mzee nilishamzika, watoto wote wako Dar es Salaam. Majirani wataniona namenya ndizi tatu tu, za kula peke yangu."

Daktari aliweka kalamu mezani. Kisha akaichukua tena, akaandika dawa.

Bibi alipotoka alitusalimia mmoja mmoja, akiushika kila mkono kwa muda mrefu, kisha akaenda zake.

Daktari alisema kweli kuhusu moshi, sibishi. Lakini jioni ile, nilipofika kwangu Bukoba, nilifunga mlango kwanza, ndipo nikabandika jikoni kisufuria changu cha mtu mmoja.