Sifa Iliyopelekwa Mbele ya Kamati

Asubuhi ya kikao cha kamati ya nidhamu, baba wa msichana alifika kabla ya kengele ya kwanza. Alikuwa mkulima wa mpunga kutoka Mwea, na baridi ya Nyeri ilikuwa imempata bila koti. Aliketi kwenye benchi nje ya ofisi bila kumsemesha binti yake. Mimi, mwalimu wake wa Kiingereza, nilisimama kando nikiwa nimekumbatia kamusi.

Kosa lenyewe lilikuwa neno moja. Msichana huyo wa kidato cha tatu alikuwa ameandika makala katika jarida la shule kumsifu naibu wa mwalimu mkuu, ambaye mabomba yalipokauka alizunguka mjini na pikapu akitutafutia maji. Alimwita "officious". Kwa Kiingereza cha leo, huyo ni mtu wa kiherehere, anayejipachika kwenye mambo ya watu na kuwaamuru. Wazazi walikuwa wameshagawiwa nakala. Naibu alitaka msichana afukuzwe.

Lakini neno hilo lilitoka kwenye kamusi kuukuu ya maktaba, ile niliyowafundisha kuipenda. Mtunzi wake hakutosheka kueleza maana. Chini ya kila neno alinukuu sentensi za waandishi, wa wakati wake na wa kabla yake, ili msomaji alione neno likiwa kazini. Hapa, maana ya kwanza ilikuwa mtu mwepesi wa kuwatendea wengine wema, na mwandishi aliyenukuliwa alikuwa akimshukuru rafiki aliyemfaa katika shida.

"Ulijua maana ya leo?" nilimnong'oneza msichana.

Alitazama viatu vyake. "Mwalimu, kamusi mpya iko kwa shelfu hiyo hiyo."

Kabla sijamuuliza ana maana gani, tuliitwa ndani.

Mwalimu mkuu aliniruhusu nianze. Nilifungua kamusi mezani, nikaeleza jinsi zile nukuu zilivyofanya kazi. Naibu alinisikiliza hadi mwisho bila kuitazama kamusi.

"Huyu mwandishi yuko wapi leo?" aliuliza.

"Alikufa zamani, Madam."

"Mimi niko hai. Wazazi wanaonisalimia getini wako hai. Wao wamesoma maana gani?"

Mwalimu mkuu alimwambia msichana atusomee ile nukuu. Aliisoma yote polepole.

Baba yake akainua mkono kama mwanafunzi. "Samahani, walimu. Mimi Kiingereza yangu ni kidogo. Hiyo neno ni matusi ama si matusi?"

Naibu aliivuta kamusi, akaisoma kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Kwa kitabu hiki, si matusi," alisema. Akamgeukia msichana. "Na wewe ulimaanisha nini?"

"Nilimaanisha yale maji, Madam. Lakini hata ile maana ingine niliiona kwa kamusi mpya."

"Na ukaliacha neno."

"Nililiacha. Siku hiyo ulituletea maji, lakini pia ulitugombeza tangu asubuhi hadi jioni tukichota."

Baba yake alifumba macho. Mimi nilijua kwamba utetezi wangu wote umeanguka, na nilijiona mjinga kwa kumtetea mtu ambaye hakuwa ameniambia ukweli wote.

Naibu aliifunga kamusi. "Afadhali umesema mwenyewe," alisema, kwa sauti ya chini kuliko nilivyotarajia.

Msichana hakufukuzwa. Alitumwa nyumbani hadi wiki iliyofuata, na ukurasa wake ukatolewa kwenye nakala zilizobaki stoo. Baba alitushukuru kila mmoja kwa zamu, akamshika binti yake begani, wakaelekea getini. Walikuwa bado hawajasemezana.

Somo lililofuata lilikuwa la darasa lao. Niliingia wakanyamaza wote, wakinitazama kujua yaliyotokea. Nilifuta ubao uliokuwa umeshafutwa, nikitafuta pa kuanzia.