Sheria ya Inchi Gani?

Juzi, kwenye maktaba ya chuo kimoja hapa Bujumbura, mwalimu wa sheria aliwaletea wanafunzi mjane wa mtaa wa Buterere ambaye shemeji yake anataka kumtoa nyumbani. Msichana mmoja alitafuta kwenye simu, akasoma kifungu kilichompa shemeji haki. Mjane akashika shavu.

Mwalimu hakukaripia. Aliuliza taratibu, “Iyo sheria ni ya inchi gani? Ingali inatumika?”

Msichana alirudi juu ya ukurasa, akasoma, kisha akamgeukia mjane.

“Mama, unisamehe. Ni ya inchi ingine, tena ilishafutwa. Ngoja nitafute ya kwetu.”

“Tafuta tu, mutoto wangu. Mi niko.”

Msichana akaenda kwenye rafu za sheria zetu, darasa zima nyuma yake. Mimi nikishitakiwa, wakili wangu ni huyo.