Mlango wa Kushoto

Hapa Eldoret, mtu hanunui Subaru ya toleo maalum kabla yule fundi wa mtaa wa Munyaka hajaigonga. Huigonga kwa kifundo cha kidole, taratibu, kichwa amekiinamisha kama anayebisha hodi kwa mgonjwa. Nyingi huzikataa kwa neno moja, "Imevalishwa," yaani ni gari la kawaida lililobandikwa nembo. Ile ya buluu aliyoletewa na Kiplimo hakuigonga. Aliifuta vumbi kwa mkono wa shati, akasema, "Hii ilizaliwa hivi."

Kiplimo akaudhika. "Mzee, si uangalie kwanza? Hata boneti hujafungua!"

Fundi akafungua mlango wa kushoto, wa abiria, akaingia, kisha akauinua kidogo huku akiuvuta, ukafunga bila kelele. Kiplimo alikuwa ameubamiza asubuhi yote, ukakataa kufunga. Hasira zikamwishia.

"Kumbe unaijua hii gari."

"Ilikuwa ya mwanangu Ooko. Tulimzika, gari ikauzwa."

Kiplimo akamnyooshea ufunguo, angalau aizungushe kidogo. Fundi akatikisa kichwa, mikono imetulia magotini.

"Endesha wewe. Mimi hukaa upande huu."