Ngoma ya Kusafisha Mfereji

Enzi za utawala wa jeshi, kila asubuhi redio ilituhimiza sisi vijana tuongoze usafi wa Kampala. Nasi, wajinga, tukaamini. Mfereji wa nyuma ya soko la Nakawa ulikuwa umeziba kwa taka, na mvua ikinyesha, uchafu wote ulimiminika jikoni kwa mama yangu. Jumamosi moja tukapiga ngoma ya bulungi bwansi, ile ambayo tangu zamani Waganda huitana nayo kwenye kazi ya pamoja ya mtaa. Majirani wakaja na majembe.

Wanajeshi wakaja pia, na lori.

"Nani alipatia nyinyi ruhusa ya kukusanyika?" mkubwa wao akafoka.

Nikamjibu kwamba ni redio.

"Redio ilisema msafishe. Ilisema mpige ngoma?"

Wakatupakia lorini sisi vijana, majembe mkononi, tukashinda tukifyeka nyasi za kambi yao. Jioni mvua ikanyesha. Nilipofika nyumbani, nilimkuta mama akichota maji machafu jikoni kwa sufuria, na redio juu ya kabati ikiwasifu vijana wa Nakawa kwa kujitolea.