Kaktusi Kwenye Kopo la Maziwa

Nimemwagilia kaktusi yangu dirishani, na chumba kimejaa harufu ya udongo mkavu ulioloa. Mara niko tena mtoto kwenye sebule yetu ya mtaa wa Muhumba, nimepanda juu ya kiti, uso wangu karibu na kopo la maziwa ya unga lenye kaktusi ndogo.

Maman ndiye aliyeipanda humo. Hakuna aliyewahi kuiona ikikua, na Papa alikuwa ameapa kuitupa Jumamosi, siku ya salongo, mtaa mzima unapofanya usafi. Jumamosi ikafika, naye akaja na ndoo ya takataka.

"Hii ilishakufa," alisema. "Tena miiba ni ya lupango, ya kuzungushia nyumba inje. Nani anaweka lupango mu salon?"

"Papa, iko muzima."

"Unajua aje?"

Niliigusa kwa kidole. "Inachoma."

"Hata sindano inachoma. Sindano iko muzima?"

Niliigusa tena, nikanyonya kidole. Maman, aliyekuwa akikunja nguo, alicheka mpaka akaketi.

"Papa, muachie mutoto," alisema. "Ngoja salongo ingine."

Papa alirudisha kopo dirishani. "Salongo ingine nitakuuliza tena," aliniambia, akatoka na ndoo yake.

Nilipaswa kwenda kucheza. Badala yake nilikaa mbele ya kopo lile nikijizuia kupepesa macho, kwa hofu kwamba ingekua kidogo nikiwa nimeyafumba, nisiione, nami nikose la kumwambia Papa.