Samaki Ndani ya Maziwa

Poritosh Haldar, mpanga kurasa wa kichochoro cha nyuma ya College Street, mtaa wa maduka ya vitabu, alikuwa na kitambi na majivuno, na hakuna aliyejua kipi kilitangulia. Alisafisha mafaili ya vitabu vya zamani: aliondoa maagizo ya mashine, kama nenepesha herufi hapa, zilaze pale, yaliyofungwa kati ya vimkuki viwili, < na >. "Miaka ishirini," alitamba, "sijapoteza hata nukta!"

Siku ya kitabu cha mapishi cha Bi Labonyo, mwalimu mstaafu wa hesabu, mjane wa mwaka mmoja, Poritosh aliiamuru kompyuta imeze kila kilicho kati ya vimkuki. Akahifadhi juu ya faili lile lile, akaenda zake kunywa chai.

Bi Labonyo alisoma kurasa, akavua miwani.

"Poritosh, samaki wangu wa ilish umemtumbukiza kwenye maziwa na sukari?"

"Mimi, Mwalimu?"

"Nani, babu yako? Niliandika chumvi < kijiko. Pungufu ya kijiko! Hesabu za watoto hizo, bwege wewe!"

Mashine ilikuwa imeanzia kwenye kimkuki cha chumvi, ikameza hadi ilipopata cha kukifunga, kwenye payesh, wali mtamu wa maziwa. Mapishi tisa katikati yalipotea.

"Daftari uliloandikia kwa mkono je?" Poritosh aliuliza, jasho likimtoka.

"Nililiuza. Sasa hivi watu wanafungiwa bisi ndani ya kurasa zake."

Alitamani ardhi ipasuke. Kazi ya maisha ya mwanamke, naye ndiye kaifuta.

"Kichwa changu hakikumbuki," alisema Bi Labonyo. "Mikono ndiyo inayokumbuka. Njoo Jumapili, uje na kalamu."

Basi kila Jumapili adhuhuri Poritosh alikaa kwenye kiti cha marehemu mume wa mwalimu, akaandika, akala, akatukanwa.

Jumapili ya tano alitumwa stoo kuleta mafuta ya haradali. Chini ya debe la mchele aliliona daftari, zima, kila < mahali pake. Alisoma ukurasa mmoja, akalirudisha, akalifunika vizuri.

"Umechelewa! Ulikuwa unayakamua?"

Poritosh alitazama meza. Sahani mbili.

"Nilikuwa nawaza, Mwalimu. Ile sura ya achari, naona nayo imeharibika."

Sura ya achari haikuwa imepungua hata nukta.

Bi Labonyo aligeuza samaki kikaangoni. "Nilijua tu," alisema. "Jumapili ijayo usile kwenu."